Dubbeltje na Deni Lisilodaiwa

Dubbeltje, sarafu ya senti 10 ya Uholanzi, ilikuwa na kipenyo cha milimita 15 na uzito wa gramu moja na nusu tu. Sisi tuliokwenda kusoma huko miaka ya 1990 ilitusumbua mwanzoni. Senti 5, ambayo wenyeji waliiita stuiver, ilikuwa pana, ya rangi ya shaba, na ukiishika unahisi umeshika pesa. Dubbeltje, yenye thamani mara mbili yake, ilikuwa kama kifungo cha shati. Unatia mkono mfukoni kutafuta chenji, unatoka na stuiver tatu, dubbeltje imejibana kwenye mshono.

Udogo huo ulikuwa na asili yake. Uholanzi ilipopitisha sheria mwaka 1816 ya kuigawa gulden, pesa ya nchi hiyo, kwa senti 100, dubbeltje iliangukia kwenye sarafu za madini ya fedha, na fedha ya thamani ya senti 10 ni punje tu. Senti moja moja zilipigwa kwa shaba, kwa hiyo zikawa kubwa kuliko hiyo iliyozizidi mara kumi. Wajerumani walipoikalia nchi katika Vita Kuu ya Pili, sarafu za fedha zikaingia mafichoni majumbani, na kuanzia 1941 mitaani zikatembea za zinki, nyepesi, za kijivu. Vita vilipokwisha fedha haikudumu tena: mwaka 1948 dubbeltje ikaanza kutengenezwa kwa nikeli. Sababu ya udogo ikaondoka, udogo wenyewe ukabaki. Uso wa Malkia Wilhelmina ukampisha Juliana, na mwaka 1982 akaingia Beatrix.

Waholanzi hawakuidharau. Mtu mbahili kwao ni yule anayeigeuzageuza kila dubbeltje kabla ya kuitoa. Na wana methali kali kwamba aliyezaliwa na thamani ya dubbeltje hawi kwartje kamwe, yaani wa senti 10 hafiki 25. Nilipoisikia mara ya kwanza niliiona ya kikatili. Wao waliitamka huku wakicheka, kama watu waliokwisha kuizoea.

Lakini nilichokuja kukipenda katika sarafu ile ni kwamba watu hao hao wa hesabu walikuwa tayari kuiacha iende. Jumamosi nilikuwa nanunua bamia na ndizi mbichi katika Haagse Markt, soko la wazi la Den Haag, kwa mama mmoja mwenye asili ya Suriname. Ukipungukiwa, aliutazama mkono wako uliojaa shaba, akachambua kwa ncha ya kidole alichokiona kinatosha, kisha akaukunja mkono wako juu ya kilichobaki. “Basi, mwanangu. Utaleta siku nyingine.” Sote wawili tulijua kwamba hiyo siku nyingine haipo. Mjini, mwenye kinanda kikubwa cha magurudumu alipita kati ya watu akitikisa kopo lake la shaba kwa mapigo ya muziki uleule, na sarafu zilizomo ndizo zilizokuwa ngoma yake. Hakuna aliyehesabu alichotumbukiza.

Senti zetu za Tanzania zilikwisha kwa mfumuko wa bei. Siku zilipotoweka hazikuwa zinanunua hata pipi. Dubbeltje iliondolewa ikiwa bado nzima. Yuro iliingia tarehe 1 Januari 2002, kwa kiwango cha gulden 2.20371 kwa yuro moja, na kabla mwezi haujaisha madukani gulden ilikuwa haipokelewi tena. Benki kuu iliendelea kuzibadilisha sarafu hadi mwisho wa 2006. Zilizosahaulika kwenye droo baada ya hapo zikabaki vyuma. Hata warithi wake wadogo hawakukaa: tangu Septemba 2004 maduka ya huko huzungusha malipo ya taslimu hadi senti 5 iliyo karibu, na senti 1 na 2 za yuro zikawa hazina kazi.

Nikienda Uholanzi siku hizi, taslimu nyingi narudi nazo. Mabasi na tramu za Amsterdam ziliacha kupokea pesa mkononi mwaka 2018, na vibanda vingi vinataka kadi tu. Marafiki wakigawana bili, hutumiana madai kwa simu. Programu ya Tikkie iliyoanzishwa 2016 imefanya kazi hiyo kuwa rahisi kiasi kwamba huna kisingizio cha kutoifanya. Unakunywa kahawa na mtu jioni, asubuhi unaletewa deni lako hadi senti ya mwisho, pamoja na salamu.

Siwezi kusema wanakosea. Hesabu ni sahihi, hakuna anayepunjwa, na mwenye kopo la shaba naye anaweza kubandika alama ya kuskani kwenye kinanda chake. Wala siitaki gulden irudi, maana yuro imeniondolea usumbufu wa kubadilisha pesa kila nikivuka mpaka. Ila zamani, kudai senti 10 kulikuwa kunamgharimu mtu haya zaidi kuliko zilivyokuwa zinamlipa, ndiyo maana alizisamehe. Mashine haina haya. Imetuwezesha kudai kila kidogo, na sasa tunakidai.