Wiki Moja Matema, na Karatasi Iliyongoja Sahihi

Akina mama wenzetu, wengi wenu mtatuelewa tukisema kwamba kwa miaka kumi na minane ya ndoa yetu hatukuwahi kwenda mapumziko. Likizo tulipewa, maana mfanyakazi ana haki ya siku 28 kwa mwaka. Lakini siku hizo zilikwisha kwenye palizi, kwenye mavuno, kwenye misiba na kwa kuuguza wazee. Kwetu Mchombe, katika bonde la Kilombero, mtu akisema yuko likizo maana yake ni kwamba ameonekana shambani asubuhi badala ya jioni.

Mwezi Juni mwaka 2018 mambo yakaenda tofauti kidogo. Tulivuna mapema, shule zilifungwa (baba watoto ni mwalimu), na zahanati ikapata muuguzi wa kutushikia zamu. Kifunguamimba wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne, naye Septemba angekwenda chuo cha uuguzi. Tuliona kwamba baada ya hapo haitakuwa rahisi tena kuwakusanya watoto wote wanne chini ya paa moja. Basi tukaamua kwenda Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Tulipanda treni ya TAZARA Mlimba, usiku, na ndoo ya maandazi na vyandarua vyetu wenyewe. (Msitucheke. Muuguzi wa Kilombero hasafiri bila chandarua.) Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na babu wa watoto alikuwa kibarua huko milimani, kati ya Mlimba na Makambako, ambako ndiko kwenye mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine. Watoto walikuwa wamesikia habari hizo tangu wadogo. Walikesha dirishani wakisikiliza mlio wa magurudumu ukibadilika kila tulipoingia handakini, wakibishana lipi lilikuwa la babu. Makambako tulipambazukiwa na baridi ambayo sisi watu wa bondeni hatukuwa na sweta za kuikabili.

Kutoka Mbeya tulichukua basi kupitia Tukuyu, katikati ya migomba na mashamba ya chai, kisha tukateremka hadi Kyela kwenye joto tunalolizoea, minazi, kakao, na mpunga! Baba watoto alitaka kushuka aukague. Kila mtu anajua ushindani wa mchele wa Kyela na wa Kilombero, nasi hatukwenda kuumaliza. Ila mama mmoja muuza samaki alitupa habari iliyotufurahisha siku nzima: ng'ambo ya ziwa, huko Karonga nchini Malawi, mchele wao wenye sifa kuliko yote unaitwa Kilombero.

Mama ambaye hajaiona Matema na afikirie hivi: Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini kama ukuta, na chini yake kuna mchanga na maji yasiyo na mwisho. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake mahali pengine kinafika karibu mita 700. Asubuhi wavuvi huleta usipa na mbasa. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza ni nani aliyefungua bomba.

Kulikuwa na siku tatu ambazo hatuna la kusimulia, nazo ndizo zilizokuwa nzuri. Tulilala mchana. Baba watoto aliwafundisha wavulana kuelea. Siku moja tulitazama vyungu vya akina mama Wakisi wa Ikombe, wanaofinyanga kwa mikono bila gurudumu, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni. Tulinunua viwili, kimoja kikapasukia njiani.

Neno moja la kiuguzi kabla hatujaendelea. Ziwa Nyasa lina kichocho. Hatari kubwa iko kwenye maji yaliyotulia yenye matete, ambako konokono hukaa. Tuliwaogeshea watoto kwenye mchanga mtupu wenye mawimbi, mbali na midomo ya mito, ambako pia kuna mamba. Tuliporudi nyumbani tulingoja wiki nane ndipo tukapima, kwa sababu ukipima mapema mayai ya minyoo hayajaanza kuonekana.

Siku ya nne akaja kijana. Alivaa shati jeupe, alikuwa na adabu na alijua kucheza na watoto. Alitualika pamoja na familia nyingine tatu kwenye soda na wali kuku katika ukumbi mmoja, bila malipo. Kampuni yake hatutaitaja. Ukutani alibandika picha za nyumba nzuri zenye vibaraza zitakazojengwa pale ufukweni, akatueleza habari ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia: hununui nyumba, unanunua wiki. Unalipa mara moja, na kwa miaka 25 wiki hiyo ya kila mwaka ni yako na familia yako. Wenyewe waliiita taimusheya.

Bei ilikuwa shilingi 6,500,000, na ada ya matengenezo shilingi 180,000 kila mwaka. Anayetanguliza shilingi 1,000,000 siku hiyo hiyo anapata bei hiyo. Atakayengoja kesho, bei imepanda.

Baba watoto aliinama sikioni mwetu, akasema, "Tunayo hiyo milioni." Ni kweli tulikuwa nayo, kwenye simu. Ilikuwa ada ya chuo cha binti yetu.

Tuliomba kulala nayo usiku mmoja. Kijana hakupenda, lakini akakubali kutungoja mpaka saa nne asubuhi.

Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, tulibishana kwa kunong'ona ndani ya chandarua. Hatutaki mfikiri kwamba baba watoto ni mtu wa kudanganywa ovyo. Alichosema kilikuwa na uzito, na mpaka leo tunakiheshimu. Alisema, "Mama, kila mwaka tunasema tutakwenda mahali, hatuendi. Fedha ikikaa bure inapata shida ya kuimaliza. Tukishalipa, hatutakuwa na la kufanya ila kuja." Kisha akasema baba yake alijenga reli ambayo hakuwahi kuipanda na watoto wake hata mara moja. Sisi, mama wa nyumba, tulinyamaza kwa muda. Ni vigumu kumpigia mtu hesabu anaposema maneno kama hayo.

Lakini hesabu ilibidi ipigwe, tukaipigia nyuma ya tiketi kwa mwanga wa simu. Ada ya 180,000 kwa miaka 25 ni 4,500,000. Jumlisha bei, unapata 11,000,000, yaani shilingi 440,000 kwa kila wiki. Vyumba viwili tulivyolala sisi vilikuwa 30,000 kila kimoja, na kwa usiku saba hiyo ni 420,000. Baba watoto akasema vyumba vitapanda bei. Ni kweli, lakini mkataba ulisema na ada itapanda, wala haukusema mwisho wake. Halafu hiyo 6,500,000 ingetoka wapi? Kwa bei tuliyouzia mwaka ule, shilingi 70,000 kwa gunia, ilikuwa karibu magunia 93 ya mpunga. Na nauli ya watu sita bado haijaguswa.

Jambo la pili lilikuwa wiki yenyewe. Wiki za Juni na Desemba, walizoziita nyekundu, zilikuwa karibu mara mbili ya bei. Ile ya 6,500,000 ilikuwa wiki ya pili ya Aprili. Aprili Kyela ni mvua juu ya mvua. Aprili kwetu bondeni mito imefurika, mpunga unachanua na watoto wanafukuza ndege. Na Aprili, mama mwenzetu uliye muuguzi, ndiyo miezi ya malaria na wodi imejaa. Nani angetupa ruhusa kwa miaka 25 mfululizo? Kijana alisema tungeweza kubadilishana na watu wenye wiki za Mombasa au Afrika Kusini. Hatukuona ni nani wa Mombasa angeitaka Aprili yetu.

Asubuhi na mapema, kabla ya saa nne, tulikwenda wawili kukitazama kiwanja. Tulikikuta karibu na mdomo wa kijito, matete yamesimama pande zote mbili na maji yametulia tuli. Tuligeuza jani moja na kukuta konokono wamejipanga chini yake. Picha ya ukutani iliwaonyesha watoto wakiruka majini mahali pale pale. Baba watoto, kwa tabia yake ya ualimu, alipima kwa hatua kutoka majini hadi kigingi cha kwanza, akapata hatua thelathini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Aliifundisha darasani. Alisimama pale na vumbi la mchanga miguuni, hakusema kitu.

Tulirudi kwa kijana na maswali. Ardhi ni ya nani? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haitolewi kimyakimya, mkutano mkuu wa kijiji lazima uhusishwe. Akasema hati iko njiani. Nyumba zisipokamilika, fedha inarudi? Akasema zitakamilika. Mmoja wetu akifa, wiki ni ya nani? Hapo aligeuka akamjibu baba watoto, ingawa sisi ndio tuliouliza, kwamba mkataba huandikwa kwa jina la mkuu wa familia. Tukataka majina mawili. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu.

Baadaye tulisoma kwamba biashara ya namna hii si ya jana. Huko Uswisi, nchi iliyotuletea Ifakara wamisionari na maabara ya utafiti, kampuni ya Hapimag ilianza mwaka 1963 kuuza hisa zinazompa mtu haki ya kukaa katika nyumba zake za mapumziko. Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuisimamia mwaka 1983. Na Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za mwaka 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti katika siku hizo. Wale wenzetu wanapewa siku 14. Sisi tuliombewa fedha kabla soda haijaisha.

Na kuna jambo ambalo mtu wa Mchombe hahitaji kulisoma. Jirani yetu Mngeta liko shamba kubwa la mpunga. Lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa nchi yetu na Korea Kaskazini, baadaye likalala, wawekezaji wapya wakalichukua mwaka 2008, na mwaka 2019 kampuni ikashindwa kubeba madeni yake. Hatumlaumu mtu. Ila miaka 25 ni mingi kwa kampuni yoyote, na chumba cha kulipia usiku kwa usiku hakikudai tuiamini kwa muda huo wote.

Saa nne tukamwambia kijana asante, hapana. Alikunja karatasi zake kwa adabu. Baba watoto alikaa kimya mpaka jioni. Alikwenda kuelea peke yake, mbali kuliko tulivyopenda, na tulisimama ufukweni tukimhesabia muda.

Aliporudi alitaka jambo moja tu: kwamba tusirudi nyumbani tukasahau. Hapo ndipo tulipokubaliana kuwa na kibubu, shilingi 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka inapatikana 360,000, yaani vyumba viwili kwa usiku sita. Ufunguo uko kwa kitinda mimba, ambaye hahongeki.

Tungependa kuwaambia kwamba tumerudi kila mwaka. Hatukurudi. Mwaka 2019 kibubu kilivunjwa kwa ajili ya ada ya mtoto wa pili. Mwaka 2020 ulikuwa wa korona, na muuguzi hakuwa na pa kwenda ila kazini. Tulirudi Desemba 2021, na tena Juni 2024, safari hiyo bila kifunguamimba, kwani yeye sasa ndiye aliyekuwa zamu.

Mwaka 2021 tulipita tena kwenye kile kiwanja. Vigingi vilikuwa vimesogezwa nyuma, na nyumba mbili zilikuwa zimesimama. Tuseme kweli, zilikuwa nzuri, zenye vibaraza kama kwenye picha. Baba watoto aliziangalia kwa muda mrefu. Mlinzi alitukaribisha, akasema zikiwa hazina mtu hupangishwa kwa wapita njia, shilingi 90,000 kwa usiku.

"Wiki hii kuna mtu?" baba watoto akauliza.

"Hakuna."

Tulimshukuru, tukarudi kwa miguu kwenye vyumba vyetu. Wavulana walikuwa wamenunua usipa, na makaa yalikuwa tayari.