Corolla Nne na Laki Nane

Mombasa umri wa gari husomwa kwenye namba. KA ni mzee. KB ni la mtu aliyejipanga zamani. KC ni la mwalimu mwenye mkopo wa sako. KD, hasa herufi ya tatu ikiwa imesogea mbele, hilo hata askari wa geti huinuka kwenye kiti.

Kipimo hicho kinadanganya. Namba za KA zilianza 1989, KB 2007, KC 2014 na KD 2020, lakini namba inakwambia gari liliandikishwa lini Kenya, haikwambii lilitengenezwa lini. Kwa sheria yetu mtumba hauingii nchini ukiwa umepita miaka minane tangu uandikishwe mara ya kwanza kule ulikotoka. Kwa hiyo KBA ya 2007 inaweza kuwa gari la mwaka 2000. Unamwita binti, kumbe shangazi.

Haya nayajua kwa sababu ndiyo yanayonilisha. Naandika matangazo ya magari kwa yadi mbili, moja Nyali, nyingine Magongo. Picha zinaingia kwa WhatsApp, natunga maneno, nalipwa shilingi 200 kwa kila gari. Kazi hii ina lugha yake: "safi kama mpya", "ilikuwa ya mwanamke", "haijagongwa", "nunua uendeshe". Hilo "haijagongwa" siliandiki, manake picha haionyeshi chasisi. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na katika vibarua vyote nilivyovishika tangu hapo, hiki ndicho kilichodumu.

Basi mwaka jana babangu akanijia sebuleni, akaketi, akasema, "Wewe si ndo mwenye kuandika magari? Haya nambie, n'nunue gani?"

Baba alikuwa dereva wa lori la makontena, Changamwe hadi Malaba, miaka ishirini na kitu. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na makontena mengi yakaelekezwa kwenye treni, safari zikapungua. Kampuni ikawa inapunguza madereva kidogo kidogo, mpaka zamu yake ikafika. Alitoka na 800,000. Laki nane, na umri wa miaka hamsini na sita, na mkono usiojua kazi nyingine ila usukani. Alitaka Corolla ya teksi. Aliwahi kuwa nayo moja, nyeupe, akaiuza 2019 kulipia karo yangu ya chuo. Hilo hakuna aliyelitaja jioni ile, lakini sote wawili tulilijua.

Kwa nini Corolla? Toyota walianza kuiuza 1966, na kufikia 2021 walikuwa wameuza zaidi ya milioni 50 duniani. Kwa mtu wa Changamwe hesabu hiyo ina maana moja: ukiharibikiwa Miritini saa tatu usiku, kuna mtu ana kile kipuri. Lakini jina moja limebeba magari mengi yasiyofanana, na laki nane zilikuwa zinaangalia manne.

La kwanza ni 110, ya 1995 hadi 2000, ile ile aliyoiuza. Moyo wake ulikuwa hapo. Nyingi zina injini ya 5A, lita moja na nusu, yenye mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila baada ya kilomita laki moja hivi. Fundi yeyote wa chini ya mwembe, Chaani au Mlaleo, huifungua na spana zake bila kutafuta kompyuta. Ubaya wake ni chumvi. Gari lililoishi Pwani miaka ishirini huliwa kwa chini, kwenye vizingiti vya milango na matao ya magurudumu, huku juu rangi inang'aa. Halafu kampuni za teksi za simu hazitaki gari la umri huo. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni ya kwendea shambani."

"Shamba gani?" akaniuliza. Tukaendelea.

La pili ni NZE, iliyotoka 2000. Hapa ndipo injini ya 1NZ ilipoingia, nayo ina mnyororo badala ya mkanda. Ukiibadilishia oili kwa wakati, mnyororo huo kwa kawaida hukuacha kwa amani. Injini hiyo hiyo imo kwenye Vitz na kwenye Probox, kwa hiyo vipuri vyake vimejaa kama maembe ya Novemba. Gia yake ni otomatiki ya kawaida ya hatua nne, kitu ambacho mafundi wetu wamekizoea. Kama ningekuwa nanunua gari la nyumbani, la soko na harusi, ningeishia hapo. Kwa teksi, nazo umri umeanza kuzishika.

La tatu ni Axio ya kwanza, ile ya 140, iliyotoka Oktoba 2006. Wajapani walilipa gari la buti jina jipya, Axio. Lile la mgongo mrefu likabaki Fielder. Injini ya lita moja na nusu ni ile ile 1NZ, ila gia imebadilika, ni CVT. Ndani hakuna meno ya gia ya kupanda na kushuka. Kuna ukanda wa chuma unaokimbia kati ya makapi mawili yanayojipanua na kujibana, ndiyo maana gari linapanda kasi bila kushtuka. Mtambo huu una mafuta yake maalumu. Fundi akitia ATF ya kawaida, hapohapo hutaona kitu. Utaona baada ya miezi, gari likitetemeka kwenye kilima cha Kibarani na bili imeshafika laki. Kwa hiyo unaponunua 140 mkononi mwa mtu, swali la maana kuliko kilomita ni hili: mafuta ya gia yalibadilishwa lini, na yalikuwa yapi?

La nne ni 160, ya Mei 2012, na hapa watu wengi hushangaa. Ni jipya zaidi lakini ni fupi kuliko 140, na limejengwa juu ya msingi wa Vitz. Japani gari dogo la abiria lina daraja lake la kisheria, upana usizidi mita 1.7, na Axio zote zimebaki ndani ya mstari huo. Corolla mpya iliyotoka kwao 2019 imeuvuka, ina mita 1.745. Kwa barabara ya Nyali sentimita tano ni upuzi. Pita vichochoro vya Kisauni, tuktuk imeegeshwa huku na meza ya viazi karai iko kule, utaziheshimu. Kuanzia 2013 hiyo 160 ikaja pia na haibridi, na kwenye foleni ya Changamwe injini inazimika na gari linasogea kwa betri. Betri hiyo iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Tundu la hewa likizibwa na vumbi, au abiria wakiliwekea mizigo, betri inachemka na maisha yake yanafupika. Wauzaji wengi hawakwambii hili, na wengi wao wenyewe hawajui.

Sababu ya magari haya kutufikia yakiwa bado mazima ni kwamba Japani gari la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali. Wengi huona bora kuuza. Likipitia mnadani hupewa karatasi ya alama: 4 ni zuri, 3.5 ni la kuvumilika, na R maana yake liligongwa likatengenezwa. Ukinunua 160 iliyoshuka meli juzi, idai karatasi hiyo. Lililokwisha kutembea Kenya miaka kumi halina karatasi ya kukusaidia. Hapo una macho yako na fundi wako.

Mpya kabisa ya dukani hatukuiuliza bei, ingekuwa ni kujitafutia huzuni. Lakini inakuhusu hata usipoinunua, kwa sababu KRA hukadiria thamani ya mtumba kwa kuanzia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na ada nyingine. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi 1,500cc, na ndiyo sababu mojawapo ya mji huu kujaa lita moja na nusu.

Sasa dalali akaingia. Dalali huingia tu, hujui nani kamwita. Alikuwa na Axio ya 160, KDJ, rangi ya fedha, milioni moja na laki sita na nusu. Baba atoe laki saba, kampuni fulani ya mikopo imalizie 950,000, alipe 45,000 kwa mwezi, miezi 36. Logibuku inabaki kwao, na gari linafungwa kifaa cha kulifuatilia.

"Mwanangu, hii KD," Baba akasema. Alikuwa ameketi ndani, mkono juu ya usukani, nami sijamwona na uso ule tangu aache lori.

Sikumpinga pale. Tulirudi nyumbani, nikachukua daftari la mdogo wangu, nikaandika: 45,000 mara 36 ni 1,620,000. Laki tisa na nusu zinarudi zikiwa milioni moja na laki sita na elfu ishirini. Chini yake nikaandika: shilingi 1,500 kila siku, Jumapili ndani, Idi ndani, ukiwa na homa ndani, kabla hujatia petroli. Nikamwachia daftari. Usiku niliona taa ya sebuleni inawaka mpaka saa saba.

Asubuhi akasema, "Tafuta zile za KC."

Ya kwanza tuliitazama Kiembeni. Nje ilikuwa bibi harusi. Fundi wetu akachovya kitambaa kwenye mafuta ya gia, akanusa, akanipa nami ninuse. Harufu ya mkate ulioungua. Tukamshukuru mwenyewe tukaondoka, na Baba hakunena neno mpaka Bombolulu.

Ya pili ilikuwa Likoni. Tukavuka feri kwa miguu, asubuhi mapema, kwa sababu gari lataka kuamshwa likiwa baridi. Likishapashwa moto kabla hujafika, kelele nyingi za injini na gia zinakuwa zimeshafichwa. Axio ya 140, ya 2009, iliandikishwa Kenya 2016. Mwenyewe mwalimu mstaafu, risiti zake zimo kwenye bahasha, mafuta ya CVT yamebadilishwa mara mbili na aina imeandikwa. Fundi akalala chini. Kizingiti cha mlango wa kushoto kilikuwa kimeanza kuliwa na chumvi, na bushi za mbele zimekwisha. Alitaka 740,000. Baba na mwalimu wakakaa barazani, wakaulizana watoto, wakanywa kahawa, na baada ya saa nzima ikawa 690,000. Matengenezo yalikula 38,000. Zilizobaki ziliingia kwenye bima ya kubeba abiria na leseni.

Ndani ya ile bahasha mlikuwa na karatasi ya forodha ya 2016. Baba, ambaye miaka yote alikuwa akibeba makaratasi ya bandari, aliisoma mstari kwa mstari akiwa amevaa miwani. Akafika penye ada ya maendeleo ya reli. Ada hiyo ilianza 2013 ili kuijengea SGR mfuko, na hutozwa kwenye mizigo inayoingia nchini, yakiwemo magari. Wakati huo ilikuwa asilimia 1.5. Akanionyesha kwa kidole.

"Ona. Hata hii iliwachangia."

Akacheka kidogo, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha.

Huu ni mwezi wa nne. Kampuni moja ya teksi za simu ililikataa gari kwa umri, nyingine ikalipokea, lakini pesa zake nyingi hazitoki huko. Zinatoka kwa wauguzi wa hospitali ya Port Reitz wanaobadilisha zamu usiku na hawataki boda saa nne. Wana namba yake. Siku nzuri hubaki na 2,500 akishatoa mafuta. Siku mbaya, mvua au mgomo, hubaki na 900. Siku hizo 900 hizo humfikia Mama, tukanunua samaki, maisha yakaendelea. Kwa ile ya KD angekuwa ameamka na upungufu wa 600 ambao hauna wa kuubembeleza.

Ile KDJ ya rangi ya fedha bado ipo yadini. Wiki iliyopita waliniletea picha zake niiandikie tangazo. Nikaandika mwaka, injini, aina ya gia, rangi na bei. Wakaniuliza mbona fupi. Nikawaambia wanitumie karatasi ya mnada, nitaongeza.