Benchi la Bure

Mapema mwaka 2022 nilipoachishwa kazi, sikumwambia mama. Kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, nikapanda matatu hadi katikati ya Nairobi, kisha nikaketi Jeevanjee mpaka saa kumi na moja jioni.

Sikuwa na chaguo jingine. Uhuru Park ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Karura ina hewa safi na njia zilizotunzwa, lakini wanaoingia hulipa kiingilio, na pesa hizo husaidia kuutunza msitu. Ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba kiingilio, ukijumlisha na nauli, kilikuwa chakula changu cha mchana.

Jeevanjee hakuna aliyeniuliza chochote. Saa saba wahubiri walipokezana kutukemea. Wenye kamera walitafuta wateja. Chini ya mti, Bunge la Mwananchi liliijadili serikali kwa sauti ya juu kuliko wahubiri. Nami nilituma maombi ya kazi kwa simu, nikijifanya mtu anayemsubiri mtu.

Siku moja mama mmoja mwenye ufagio alifika kwenye benchi langu. "Kijana wangu, inua miguu." Nikainua. Alipomaliza akaniangalia. "Wewe nakuona kila siku. Tunaripoti kazini pamoja, siyo?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha kuwaza: benchi hili nani analilipia? Mama huyo hulipwa mshahara kutokana na kodi na ada za jiji. Ardhi yenyewe ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Na bado zawadi na kodi havikutosha. Mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kupigana ili jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee kutakiwa kwa ujenzi, na mjukuu wa mfanyabiashara yule, Zarina Patel, akaongoza upinzani. Kwa hiyo nilikuwa nimekalia gharama ambazo haziandikwi kwenye bajeti yoyote: watu waliotukanwa na kutishwa ili mimi nipate pa kuketi bila kununua hata chai.

Jioni hiyo nilimwambia mama ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mchana ulikuwa unakaa wapi?"

"Jeevanjee."

"Hata mimi," akasema. "Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, nilikuwa nakaa papo hapo."

Sasa nina kazi. Ninapoona makato ya kodi kwenye hati ya mshahara bado nalalamika, kama kila mtu. Lakini mara mojamoja hupitia Jeevanjee saa saba, nikaketi kidogo. Daima kuna kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi, macho kwenye simu. Simuulizi kitu. Nasogea tu, apate nafasi.