"Mmeelewa?" Ni Swali la Bure

Haya jamani, kwa wale wanaoniuliza Jumamosi huwa napotelea wapi siku hizi: nafundisha. Kazi inayonilisha bado ni kuandika programu, lakini Jumamosi asubuhi nina watu 16 kwenye ukumbi mmoja hapa Nairobi na tunahangaika na Excel. Kuna karani wa sacco ya matatu, kina mama wawili wa mitumba, mhasibu, na mwalimu mkuu mstaafu ambaye sote, mimi nikiwemo, tunamwita Mwalimu. Karibu wote ni wakubwa kwangu. Wengine wangeweza kunizaa.

Mtoto wa shule akichoka na somo hana pa kwenda. Mtu mzima anapo. Amelipa kutoka mfukoni mwake, ameacha kibanda kimefungwa, na akiona anadharauliwa hatagombana nawe. Atakuaga kwa heshima wakati wa chai na hutamwona tena. Nimeyaona haya. Kuna wakati nilikuwa msaidizi wa mkufunzi mmoja aliyependa kumpokonya mtu kipanya na kusema, "Si unabonyeza tu hapa?" Mama mmoja, aliyeandika hesabu za duka lake kwenye daftari kwa miaka na miaka, alifanyiwa hivyo mara tatu asubuhi moja. Akafunga mkoba. Mkufunzi akasema kozi ilikuwa ngumu kwake. Nilikataa wakati ule na bado nakataa. Mtu anayeweza kusawazisha daftari kwa kalamu anaijua tayari nusu ya Excel. Kilichobaki ni mahali pa kubonyeza.

Kwa hiyo kwangu kipanya cha mtu hakiguswi, hata kama foleni ya wanaoningoja ni ndefu. Nasimama mikono nyuma, naeleza kwa mdomo. Na neno "tu" nimelipiga marufuku kinywani mwangu. Ukimwambia mtu "bonyeza tu", akashindwa, umeshamwambia yeye ni mtu wa aina gani.

Sasa tuje kwenye "mmeelewa?". Ukiuliza hivyo, darasa zima litaitikia ndiyo. Nani mzee atasema mbele za watu, tena kwa kijana, kwamba hajaelewa? Mwalimu jibu lake ni moja: "Endelea, kijana." Ataniambia niendelee hata kama kioo chake kimejaa ##### kutoka juu hadi chini. (Hizo alama mara nyingi maana yake ni kwamba safu ni nyembamba. Ipanue, namba zinarudi. Siku hizi hilo ndilo la kwanza kufundisha, kwa sababu watu hudhani wameua kompyuta.)

Dawa nimeiazima kwa watu wa Software Carpentry, mradi ulioanza Marekani mwaka 1998 kuwafundisha wanasayansi kuandika programu. Kila mwanafunzi hupewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti, akabandika kimoja kwenye kompyuta akishamaliza, kingine akikwama. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna kusema. Vyangu vilikuwa vinapeperushwa na feni, nikahamia vikombe vya plastiki, kijani na chekundu. Nikiwa mbele naona chumba chote. Vyekundu vitatu, naenda nilipo. Vyekundu kumi, basi tatizo ni maelezo yangu na tunarudi nyuma.

Jumamosi ya kwanza hakuna aliyeweka chekundu. Ya pili, mama mmoja wa mitumba alikiweka chake wazi, nikamwendea, na kabla sijamaliza vingine sita vilikuwa vimetokea. Cha Mwalimu hakikuwemo.

Yeye alifunguka kwa njia nyingine kabisa, inayotoka kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Miaka ya 1990 aligundua kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini maswali mepesi ya kutaka wafikiri yanawashinda. Akaanza kuwauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu apige kura peke yake, kisha ajadiliane na jirani, kisha kura tena. Swali langu lilikuwa hili: kisanduku cha kwanza kimeandikwa 500/=, cha pili 500, cha tatu 300. SUM itatoa ngapi? 1300, 800, au hitilafu? Tunaonyesha vidole kifuani ili jirani asichungulie.

Wengi walisema 1300, Mwalimu akiwa mmoja wao. Nikawaacha wabishane. We acha! Mama wa mitumba alikuwa amekaa naye, na hilo jambo lilikuwa limemchezea nyumbani wiki nzima. "Ukiweka /= inaona ni maneno, haihesabu!" Mwalimu akajibu kwamba ameandika shilingi hivyo miaka 40. Wakaendelea. Kura ya pili karibu wote walihamia 800, ambalo ndilo jibu. Mwalimu alikunja vidole vyake, akamsogezea mama yule kibodi na kusema, "Nionyeshe."

Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mtu mzima huja na shida yake mkononi, ndiyo maana siku hizi nawaambia waje na vitabu vyao vya hesabu badala ya mifano yangu ya kubuni. Simu sizizuii pia. Ya mwenye biashara ikilia, anatoka nje, anarudi. Mjuaji wa darasa (yupo kila mahali) nampa kazi ya kuzungukia vikombe vyekundu, kwa sharti lile lile la kipanya.

Jumamosi ijayo tunaingia alama ya $, ile ya kukifunga kisanduku kisihame ukinakili fomyula. Nina mfano wa kamisheni ya sacco, na nimeshanunua vikombe vyekundu zaidi.