Zamu ya Upepo

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu kuona katika kurasa hizi habari za mashindano ya baiskeli, tena zimeandikwa na mtu aliyekwisha kuota mvi. Kwetu Tanga baiskeli si kitu cha ajabu. Ndicho chombo kimpelekacho mtoto chuoni, kikamrudisha fundi kutoka kazini, kikamfikisha mwadhini msikitini kabla ya alfajiri. Mtu akisema kwamba anayo baiskeli, hapana atakayegeuza shingo kumtazama. Lakini akisema ameinunua ili ashindane nayo, ilhali umri wake umepita miaka 40, hapo hakosi kusikia kicheko nyuma ya dirisha. Kicheko hicho tumekisikia, wala hatukumlaumu mtu. Tunaloliandika leo ni jambo jingine. Limetukaa kifuani tangu Januari ya mwaka 2024, na twaona haya kulieleza. Walakini vijana wapendao mashindano ni wengi katika nyumba zetu, nao huenda wakataka kulijua.

Marehemu baba yetu alikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, yenye kengele kubwa iliyosikika mtaa wa pili. Juu ya baiskeli hiyo ndipo tulipojifunza, kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la katikati, kwani tandiko lilikuwa juu mno kwa mtoto. Nayo bado ipo.

Baiskeli ya mashindano ya barabarani ni kitu kingine kabisa. Uzito wake ni kilo 8 au 9 tu. Mpira wake ni mwembamba, upana wake hauzidi sana kidole gumba, nao hujazwa pumzi mpaka ukawa mgumu kama ubao. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, na mpandaji huinama juu yake hata mgongo ukalala. Hainami kwa madaha. Huinama kwa ajili ya adui mmoja ambaye mwenda kwa miguu hamjui, nayo ni hewa. Katika njia tambarare, mtu aendaye kilomita 35 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Tena akitaka kuongeza mwendo wake maradufu, nguvu za kupambana na hewa hiyo hazitaki maradufu, bali zataka mara 8.

Basi yeye amfuataye mwenziwe karibu karibu, gurudumu kwa gurudumu, hukaa katika kivuli cha upepo, na kazi yake hupungua kwa robo, pengine kwa theluthi. Hii ndiyo siri yote ya mashindano ya barabarani. Waendeshaji hupokezana: mmoja hukaa mbele akapasua upepo kwa dakika moja au mbili, kisha hujitenga kando, akawapisha wenziwe, akarudi nyuma kupumzika. Hapana mwamuzi aandikaye zamu hizo, wala hapana adhabu kwa aikimbiaye zamu yake. Ni ahadi tu baina ya watu wasiojuana. Huko Ulaya, katika timu kubwa, wako watu walioajiriwa kwa kazi ya kumkinga mkubwa wao upepo kutwa nzima, na katika mashindano makuu ya Ufaransa ni desturi ya tangu zamani kwamba mshindi huigawa zawadi yake kwa wenzake wa timu. Kwa hiyo hata wale wanaofanya baiskeli kuwa biashara wametambua ya kuwa upepo una ujira wake.

Siku hiyo ya Januari tulitoka Tanga watu wapatao 30, kwenda Muheza na kurudi, njia ya zaidi ya kilomita 70. Kwenda kulikuwa rahisi, maana kaskazi ilikuwa mgongoni na kila mtu alijiona bingwa. Kurudi ndiko kulikotupambanua. Upepo ulitupiga usoni, na kati ya mashamba ya mkonge hapana mti wa kuuzuia. Kundi likakatika vipande. Watu wawili walitangulia hata hatukuwaona tena. Nyuma yao tulibaki sisi na kijana mmoja, na baada yetu barabara ilikuwa tupu.

Kijana huyo tulimjua kwa sura. Ni muuza machungwa, huyaleta Tanga kutoka Muheza kwa baiskeli, na umri wake haujapita miaka 20 kwa mbali. Siku ile alipanda baiskeli ya kuazima, kubwa kuliko kimo chake, na miguuni alivaa raba za kawaida alizozifunga kwenye pedeli kwa mikanda. Alikaa mbele, nasi tukakaa nyuma yake. Baada ya muda akatikisa kiwiko, ambayo ndiyo ishara ya kumwambia mwenzio apite. Tukajifanya hatukuona. Akakokota tena kitambo, kisha akageuza uso, jasho likimtiririka, akasema, “Mjomba, zamu yako.”

Tukamjibu, “Pumzi zimetwisha, mwanangu.”

Haikuwa kweli. Pumzi tulikuwa nazo. Tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya nafasi ya tatu, na bahasha zilikuwa tatu.

Alitukinga hivyo kwa kilomita zisizopungua 20. Tulipoona nyumba za mji na watu waliosimama kando ya barabara, zikiwa zimesalia mita 300, tulichomoka nyuma yake kwa nguvu zote tulizokuwa tumezihifadhi, tukampita. Yeye hakuwa na kitu tena miguuni. Tukapewa bahasha ya shilingi laki moja, tukapigwa picha, tukapongezwa mno kwa umri wetu. Kijana alikuja akatupa mkono. “Hongera, mjomba,” alisema. Hatukumtazama machoni.

Kanuni hatukuivunja hata moja, na maneno haya tuliyarudia moyoni kwa wiki nyingi. Mwezi wa Machi Ramadhani ikaingia. Mchana baiskeli ikapumzika, na usiku baada ya tarawehe tukawa tunatoka kidogo, mwendo wa pole, kwa taa. Usiku mmoja baada ya futari wajukuu walikuwa wakimsimulia mama yetu jinsi tulivyoshinda, nasi tukaongeza maelezo ya namna mtu anavyojificha nyuma ya mwenziwe. Mama alisikiliza yote, akakunja mkeka, kisha akauliza, “Na huyo aliyekukinga upepo, mwanangu, kapata ngapi?”

Wajukuu wakacheka. Sisi tukanyanyuka kunawa mikono ambayo tulikwisha kuinawa.

Siku zile tulikuwa tukisoma habari za zamani za mchezo huu, na moja ilitukaa sana. Mwaka 1913, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa, uma wa mbele wa baiskeli ya Eugène Christophe ulimvunjikia katika mlima wa Tourmalet. Aliibeba baiskeli begani, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, akaufua uma wake kwa mikono yake mwenyewe, kwani kanuni haikuruhusu kusaidiwa na mtu. Wasimamizi walisimama wakimwangalia. Hata alipomaliza, aliadhibiwa: mtoto mmoja alikuwa amemvukutia mvukuto! Basi tukaona ya kwamba kanuni ilimtia hatiani mtu aliyesaidiwa na mtoto kwa wema, na kanuni iyo hiyo, sura ya kanuni, ilitusafisha sisi tuliomdanganya kijana. Kanuni na insafu si kila siku hukaa mkeka mmoja.

Tulisikia kwamba kijana atashindana mwezi wa Julai katika milima ya Usambara, kwa baiskeli za milimani. Nasi tukajiandikisha. Watu wa nyumbani walidhani ni tamaa ya bahasha ya pili.

Baiskeli za milimani ni mchezo mchanga. Chimbuko lake ni kilima kimoja cha California, huko Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana walizichukua baiskeli kuukuu zenye mipira minene, wakashuka nazo njia za udongo kwa kasi. Breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa ikipata moto hata grisi ikaungua, na kila mtelemko ulipokwisha iliwapasa kutia grisi mpya. Shindano lao la kwanza lilikuwa mwezi wa Oktoba 1976. Ilipofika mwaka 1996, mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Baiskeli yenyewe ina mpira mpana wenye meno, pumzi kidogo ili ushike udongo, na springi mbele za kupokea mishtuko.

Tulipanda kutoka Mombo kwa gari, kwa ile barabara yenye kona inayopita pembezoni mwa genge, ukipanda karibu mita 1,000 mpaka Lushoto. Mtu wa pwani akifika huko Julai hutamani blanketi. Usiku vijana waliota moto wakimzungumza Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye mwezi huohuo alikuwa ameshinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja. Kila mmoja wao alikuwa Girmay usiku ule. Kijana wa machungwa alikuwapo, akatuamkia, “Shikamoo, mjomba,” kwa adabu zake zote. Tukaitika marahaba, na bahasha tuliyoileta ikabaki mfukoni.

Asubuhi tulianza kwa kupanda. Katika dakika 10 za kwanza tulielewa ya kuwa huku hapana mahali pa kujificha. Mtu apandaye mlima kwa kilomita 7 au 8 kwa saa hana upepo wa maana wa kukingwa; adui wake ni uzito wake mwenyewe, na huo hapana mwenzio awezaye kukubebea. Njia ni nyembamba, ya wapita kwa miguu, kati ya matuta ya kabichi na karoti. Udongo mwekundu uliloa umande. Watoto walikimbia kando yetu, wakatupita, wakakaa juu ya jiwe kutungoja. Kijana wetu alitoweka katika kona ya tatu.

Lakini kushuka ndiko kulikotutia adabu. Barabarani hofu huja mara moja ikapita. Mlimani hukaa nawe juu ya tandiko. Mizizi ya miti huvuka njia kama mishipa ya mkono wa mzee, nayo ikiloa huteleza kama sabuni. Wajuzi husema usilitazame jiwe unaloliogopa, bali itazame njia iliyo kando yake, kwa kuwa gurudumu hufuata macho. Sisi tulilitazama jiwe. Tukajikuta tumelala katika shamba la mtu, kiwiko kimechunika, na bibi mmoja mwenye jembe ametusimamia. “Pole, baba,” alisema, akatushikia baiskeli mpaka tukapanda. Tulimaliza wa tatu kutoka mwisho.

Kijana alikuwa wa tano, na hata huko bahasha zilikuwa tatu. Tulimkuta akikwangua tope kwenye mnyororo kwa kijiti. Tukamwita kando, tukampa ile laki, tukamwambia ni yake tangu Januari. Hakunyosha mkono.

“Mjomba, pesa zile ulizishinda,” alisema. “Mimi sikukudai pesa. Nilikwambia zamu yako, ukaniambia pumzi zimekwisha. Nami nikakuamini. Nikapunguza mwendo usije ukabaki peke yako na upepo ule.”

Hili hatukuwa tukilijua. Miezi yote ile tulidhani deni letu ni la kujificha nyuma yake, kumbe yeye alikuwa akitusubiri. Na lau asingalipunguza, nani ajuaye kama asingaliwafikia wale wawili wa mbele.

Tukanyamaza. Kisha tukamwuliza, kwa sauti ambayo hatukuizoea kuitoa mbele ya watoto, “Basi tulilipeje?”

Akaendelea kukwangua tope. Akasema, “Njia ipo, mjomba. Na kaskazi itarudi Desemba.”

Tuliporudi tulimweleza mama yote, pamoja na lile neno la pumzi ambalo hapo kwanza hatukumwambia. Hakusema kitu. Alituletea mafuta ya kupaka kiwiko.

Kaskazi ilirudi kweli, na tangu hapo kila msimu wake ukifika, Jumamosi baada ya sala ya alfajiri twaelekea Muheza. Twamkuta amekwisha kufunga matenga mawili ya machungwa, moja huku na moja huku, na mzigo ule ukimuelemea hata kabla hajapanda. Twarudi pamoja, sisi mbele na yeye nyuma. Mwendo wenyewe ni mdogo, hauhitaji baiskeli ya mashindano, kwa hiyo twaipanda ile nyeusi ya baba, yenye kengele. Yake pia ina kengele. Penye mkonge upepo hutujia usoni kama ule wa siku ile. Tukizidisha mwendo hupiga kengele yake mara moja, nasi twapunguza.