Gasketi na Utamaduni wa Kutunza

Neno utamaduni linapotajwa, wengi wetu hukumbuka ngoma, nyimbo, mavazi na hadithi za wazee. Kukumbuka hivyo ni haki. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, alitaka wananchi warudishiwe fahari ya mambo yao wenyewe, ambayo ukoloni ulikuwa umeyadharau. Hata hivyo utamaduni hauishii uwanjani ngoma inapokoma. Namna watu wanavyokishika chombo cha kazi, wanavyokitunza na wanavyokitengeneza kinapoharibika, nayo ni utamaduni. Katika makala haya tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa kitu kidogo mno, yaani gasketi ya kifuniko cha injini ya pikipiki, kama tulivyoiona ikibadilishwa mjini Ifakara.

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Ni nchi ya mpunga, samaki na maji mengi. Wakati wa masika mto hufurika, na njia za vijijini hugeuka tope. Wakati wa kiangazi tope hilo hilo huwa vumbi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Ifakara na Mlimba, na daraja kubwa la Mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 liliondoa taabu ya kungojea kivuko. Lakini reli haifiki mashambani, na daraja halimpeleki mgonjwa kutoka mlangoni kwake. Kazi hiyo hufanywa na pikipiki. Tangu pikipiki ziruhusiwe kisheria kubeba abiria kwa malipo, yapata mwaka 2010, zimekuwa miguu ya bonde zima. Hubeba mama mjamzito, gunia la mpunga, tenga la samaki, na mwalimu anayekwenda kituo chake cha kazi.

Sasa, gasketi ni nini? Injini ya pikipiki ina vifuniko viwili vikubwa, kimoja kila upande. Chini ya kimoja mna klachi, chini ya kingine mna magneti. Kifuniko na mwili wa injini vyote ni metali ngumu, na vitu viwili vigumu, hata vikisuguliwa namna gani, havikutani vikaziba kabisa. Hapo katikati huwekwa karatasi maalumu, nyembamba, iliyokatwa kwa umbo la ukingo wa kifuniko. Boliti zinapokazwa, karatasi hiyo hubanwa ikajaza kila kibonde, na oili haipati pa kutokea.

Wazee wetu waliijua kanuni hii kabla ya kuiona injini. Mwanamke abebaye mtungi huweka ngata kati ya mtungi na kichwa. Mtumbwi wa mvuvi wa Kilombero huchongwa katika gogo moja, kwa hiyo hauna maungio. Lakini jahazi la pwani limeungwa kwa mbao nyingi, na fundi hana budi kulikalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katika kila mwanya. Injini haifanani na mtumbwi. Inafanana na jahazi. Kila kilichoungwa huhitaji kalafati, na gasketi ndiyo kalafati ya chuma.

Pikipiki tunayoitumia kwa safari za kazi ilianza kutoa jasho la oili upande wa klachi. Mwanzoni lilikuwa doa tu, na vumbi likalishika likawa kama ugaga. Baadaye asubuhi moja tukakuta tone sakafuni. Mtu aweza kusema kwamba tone moja si kitu. Lakini injini ndogo ya namna hii hubeba takriban lita moja tu ya oili, na wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Oili ikipungua, pistoni husugua silinda pasipo kilainisho, joto huzidi, na mwishowe injini hunoki. Kwa kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba, ambaye kila siku humpelekea tajiri wake hesabu ili siku moja chombo kiwe chake, kunoki kwa injini ni kupoteza jasho la miezi mingi. Isitoshe, palipo na njia ya kutokea oili pana njia ya kuingia maji. Injini ya moto ikitumbukia ghafla katika maji baridi ya kivuko cha kijito, hewa iliyo ndani husinyaa na kufyonza maji, na oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe. Hakushika spana kwanza. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaiwasha, kisha akachuchumaa na kuitazama. "Mwalimu," alituambia, "usiiamini oili. Hudondoka hapa, kumbe imetokea kule." Alitaka kuhakikisha kwamba kinachovuja si sili ya mkono wa kiki, wala boliti iliyolegea, wala ufa wa kifuniko chenyewe. Alipoona unyevu ukichipuka kwenye mstari wa maungio, ndipo alipoizima injini, akaiacha ipoe na akaimwaga oili yote katika beseni.

Boliti za kifuniko hazilingani urefu. Fundi alichora umbo la kifuniko juu ya kipande cha boksi, akakitoboa, na kila boliti iliyotoka aliichomeka mahali pake katika mchoro. Kijana anayejifunza kazi kwake, kwa kuona kifuniko kimeganda, aliinua bisibisi ili akipenyeze na kukibandua. Fundi alimzuia mkono. "Mwanangu, hapo ukikwaruza, kovu halifutiki. Kila gasketi utakayoweka itavujia hapo hapo." Akakigonga kifuniko taratibu kwa nyundo ya mpira, pande zote, hata kikaachia chenyewe.

Kazi ndefu kuliko zote ikawa kuondoa mabaki ya gasketi ya zamani. Kijana aliziba mashimo ya ndani kwa kitambaa safi ili uchafu usianguke kwenye gia, akakwangua kwa subira karibu saa nzima. Fundi alipitisha kidole, akasema bado. Akapitisha tena, akasema bado. Gasketi mpya ikilazwa juu ya mabaki ya kale haikai. Patabaki mwanya hata boliti zikazwe kwa nguvu zote.

Dukani siku hiyo gasketi ya namna yetu haikupatikana. Fundi alitoa karatasi ya gasketi, akailaza juu ya kifuniko na kuigongagonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo kufuata ukingo, mpaka ukingo wenyewe ukaikata karatasi. Kabla ya hapo aliupima unene wake kwa kuulinganisha na kipande cha ile ya zamani, kwani karatasi nene kupita kiasi hubadili nafasi za vyuma vilivyomo ndani. Silikoni aliigusa kwa ncha ya kidole tu. Alieleza kwamba ikizidi, hujikamua kwa ndani, ikakatika na kuziba njia ya oili. Mwishowe boliti zilikazwa kwa zamu, ya huku kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo. Maana aluminiamu ni laini, na anayekaza kwa hasira hung'oa meno ya boliti.

Oili chafu iliyomwagwa haikutupwa mtaroni. Ilihifadhiwa katika dumu, na seremala jirani huichukua kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mitaro ya Ifakara huelekea mtoni, na bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa. Samaki wa Mndamba na mpunga wa Mmbunga hutegemea maji hayo hayo.

Yafaa sasa tujiulize: maarifa haya yameandikwa wapi? Fundi yule hana kitabu. Elimu yake imo mikononi na katika maneno: spana, sili, klachi, gasketi, kunoki. Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa ya kihuni kwa kuwa yametoka ugenini. Lakini hata kalafati lilitujia kwa njia ya biashara ya baharini, kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayelikana. Lugha inayokataa maneno ya kazi huachwa na wafanyakazi. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isitengane na kazi za jamii. Mwalimu wa fizikia anayefundisha msukumo na joto, na mwalimu wa Kiswahili anayefundisha msamiati, wote wawili wana somo lililo tayari chini ya mwembe, umbali mfupi kutoka darasani.

Kununua mashine hakuhitaji utamaduni. Huhitaji fedha tu. Kuitunza ndiko kunakohitaji watu wenye jicho la kuona doa kabla ya tone, subira ya kukwangua mpaka fundi aseme basi, na mkono unaojua mahali pa kukomea. Sifa hizo hazitoki kiwandani pamoja na pikipiki. Hufundishwa na mkubwa kwa mdogo, kama ngoma inavyofundishwa, na zikikosa wa kuzipokea hupotea kama ngoma inavyopotea. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana wetu na wajifunze kuziba ufa, na sisi walimu tuihesabu kazi hiyo kuwa elimu.