Mchagua Nazi Katika Soko la Umeme

Mkenya aliyekulia katika nyumba inayouziwa umeme na kampuni moja hakuzoea kuuchagua. Alizoea kuulipia tu. Tokeni zikiisha, alinunua nyingine. Anapohamia Houston, jimboni Texas, hukutana na jambo geni: hata kabla ya kupata kitanda, sharti achague kampuni ya kumuuzia umeme miongoni mwa nyingi.

Soko hilo lilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1999, na ushindani ukaanza Januari 2002. Nguzo na nyaya zilibaki chini ya kampuni moja ya eneo. Umeme unaofika nyumbani ni ule ule. Kinachoshindaniwa ni bei na mkataba.

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Katika soko hili, koroma hupambwa ifanane na nazi. Chukua mfano wa mkataba unaotoza senti 18 kwa kila uniti, na kumpunguzia mteja dola 100 akifikisha uniti 1,000. Akizifikisha, hulipa dola 80, yaani senti 8 kwa uniti, na hiyo ndiyo bei inayotangazwa. Akitumia uniti 990, hulipa dola 178.20. Aliyezima taa kama alivyofunzwa na mamaye ndiye anayeadhibiwa.

Hata hivyo, kila mkataba una waraka unaoonyesha bei ya wastani kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Katika mfano huu, msomaji makini atakuta senti 18, 8 na 13, naye atang'amua mtego uliko.

Funzo chungu zaidi lilikuja Februari 2021. Baridi kali ilipolikumba jimbo, bei ya jumla ilipanda hadi dola 9 kwa uniti. Waliokuwa na mikataba inayofuata bei hiyo walipata ankara za maelfu ya dola; wenye bei isiyobadilika walinusurika. Mwaka huo huo, mikataba ya aina hiyo ilipigwa marufuku kwa wateja wa nyumbani.

Basi uhuru wa kuchagua haumfai asiyejua kiasi anachotumia. Mnunuzi wa nazi huitikisa kwanza sikioni, akasikiliza maji yake. Mgeni wa Houston naye na aanze na hesabu ya mita yake, miezi ya joto na ya baridi, ndipo atie sahihi.